Mng'aro wa Kwenda Milano

Bi Agata Rudnicka, msimamizi wa maonyesho, alikuja kutoka Warszawa kwa gari safi mno, akaliegesha mahali palepale kuku wa jirani yetu Lucyna walipozoea kuoga vumbi. Alikuwa amekuja kukiona kiti. Katika nchi nzima vilikuwa vimechaguliwa vitu kumi na viwili tu vya kupelekwa kwenye maonyesho ya Milano, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kiti alichobuni Kalina Mrowiec, kilichotengenezwa hapa Kalwaria kwenye karakana ya baba yake, nyuma ya banda la kuku.

Hapa kwetu kila nyumba ya pili ina karakana ya useremala, kwa hiyo kiti si habari. Lakini kiti cha kwenda Milano kilikuwa habari, na majirani watatu walikumbuka kwa ghafla kwamba uzio wao upande ule una misumari iliyolegea.

Zenon Mrowiec alisimama kando ya kiti akiwa amevaa koti la kuendea harusi juu ya suruali ya kazi. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa akipinda mbao kwa mvuke, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kuungua hadi kwenye viwiko. Kiti chenyewe kilikuwa utepe mmoja mrefu wa buk, mti mgumu wa misitu yetu, uliopikwa kwa mvuke na kupindwa mpaka ukawa miguu, kikalio, mgongo na mikono. Hakikuwa na rangi wala vanishi, mafuta tu. Penye mikunjo ungeweza kuona jinsi nyuzi za mti zilivyovutika. Kalina alitaka zionekane. Baba yake kila akizitazama alitamani kuzifunika na kitu.

"Wewe ndiye fundi, Bwana Zenon?" Bi Agata aliuliza.

"Mimi ndiye baba."

"Vizuri, vizuri sana." Akafungua fomu zake. Kalina alikuwa ameingia ndani kuchukua michoro, basi swali likamwangukia Zenon. "Thamani ya kitu, kwa ajili ya bima?"

"Zloti mia nne," Zenon alisema. Kisha, asije akaonekana mchoyo: "Ukichukua sita, nitakupa kila kimoja kwa mia tatu na hamsini."

Bi Agata alicheka, wala si kwa ubaya. "Bwana Zenon jamani!" Akaandika elfu kumi na nne. Zenon aliiona namba hiyo, masikio yakamwiva.

Kalina aliporudi, Bi Agata alieleza mambo yaliyobaki. Kiti kitaning'inizwa ukutani, miguu juu, ili kazi ionekane kila upande.

"Ukutani?" Zenon alisema. "Atakikalia nani, buibui?"

Lucyna, mkewe, alimsukuma kwa kiwiko.

"Na kwenye kibao kutakuwa na mistari miwili," Bi Agata aliendelea. "Jina la mbunifu na aina ya mti."

"Na aliyekitengeneza je?" Kalina aliuliza.

"Mistari miwili, mpenzi. Ni utaratibu wa wote."

"Liache, mwanangu," Zenon alisema. "Jina langu Waitaliano watalifanyia nini? Watang'oka meno bure."

Mwisho ikaja habari ya lori. Litapita Jumatano ya Juma Kuu kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa baada ya hapo polisi hufunga barabara zetu kwa ajili ya mahujaji hadi Ijumaa Kuu ipite. Ambaye kitu chake hakitakuwa tayari, nafasi yake itachukuliwa na taa moja kutoka Łódź, ambayo tayari ilikuwa kwenye sanduku ikisubiri mtu ateleze. Bi Agata alilisema hilo kwa tabasamu, ila Kalina hakutabasamu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Ofisi moja ya Krakow ilitaka kumwajiri achore makabati ya jikoni, yale yale kwa nyumba mia tatu, na alikuwa ameahidi kuwajibu baada ya Pasaka. Kiti kikienda Milano, atawajibu hapana. Kisipoenda, basi tena.

*

Jumamosi Kalina alipanda treni kwenda Warszawa kwenye mkutano wa wabunifu wote kumi na wawili. "Baba, kiti usikiguse," alisema mlangoni. "Kifunike tu."

"Nitakifunika," Zenon alisema, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Lakini ile elfu kumi na nne ilikuwa imemkaa kichwani. Mtu wa umri wake unamjua alivyokulia. Alipokuwa kijana, familia zilipanga foleni tangu alfajiri zipate kabati la ukutani lenye mng'aro mkali, kabati ambalo ukilisogelea unajiona ndevu. Aliyelipata aliwaita shangazi na wajomba waje kulitazama, na watoto walikatazwa kulipumulia. Zenon alikuwa mng'arishaji bora wa zamu yake. Kwake yeye kitu ambacho hakijang'arishwa ni kitu ambacho hakijakwisha, na sasa binti yake wa pekee alikuwa anapeleka mbele ya watu wa nje, kwa bei ya pikipiki, kitu ambacho hakijakwisha.

Kufika mchana alikuwa kwa jirani yake Gienek, anayetengeneza makochi.

"Una rangi ya mahogani?"

"Ya nini?"

"Ya Milano."

Gienek alimpa kopo zima na akakataa malipo. "Waambie tu kopo ni la Gienek," alisema.

Zenon alifanya kazi Jumamosi hiyo mpaka usiku. Jumapili ya Matawi Lucyna alirudi kanisani na tawi lake lililobarikiwa, akasikia msasa unakwaruza karakanani, akasimama mlangoni kama askari wa barabarani.

"Zenon! Leo? Watu wanapita na matawi mkononi, wewe unapiga msasa?"

"Padri atanielewa. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto alisema usikiguse."

"Alisema hivyo kwa sababu hakutaka kunichosha. Humjui Kalina? Anaona haya kuomba."

Lucyna alikitazama kiti. Tayari kilikuwa kimepata wekundu mzito, na kusema kweli kilimpendeza. Ndiyo maana hakusema zaidi, na kwa hilo alijilaumu baadaye. Zenon alipaka koti la saba la vanishi Jumapili jioni, na Jumatatu alikisugua kwa kitambaa cha sufu mpaka dirisha la karakana likaonekana kwenye kikalio, pamoja na kuku waliokuwa wakipita nje. Alipaka vanishi hata upande wa chini, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Na hapo lazima nikwambie jambo moja. Mafundi wetu wana desturi ya kuandika chini ya kiti, kwa penseli, jina na tarehe, kabla hakijatoka karakanani. Zenon huongeza na mengine. Nusu ya nchi hii imekalia malalamiko yake: *Baridi, mvuke haupandi. Goti linauma tangu Jumanne. Mkurugenzi mpya, afadhali hata yule wa kwanza.* Lakini kiti cha Milano, hata kabla ya vanishi, hakukiandika kitu. Alikuwa ameshakipindua na penseli iko mkononi, akaikumbuka ile namba, akairudisha penseli sikioni.

*

Kalina alirudi Jumanne asubuhi. Zenon alimpokea getini, akamchukulia begi, akamwongoza moja kwa moja hadi karakanani bila hata kumwachia anywe kahawa. Kiti kilikuwa katikati, kimefunikwa shuka ya Lucyna iliyopigwa pasi.

"Funga macho," alisema. Akaivuta shuka. "Haya."

Kalina alifungua macho. Alikizunguka kiti mara moja, polepole. Akainama. Kwenye kikalio chekundu kinachometa uso wake ukamtazama kutoka chini.

"Unajiona?" Zenon aliuliza. Furaha ilimfanya asimame kwa ncha za vidole, mzee wa miaka sitini na sita.

"Najiona, baba."

"Makoti saba. Kwa mkono. Siku hizi hata kiwandani hawafanyi."

"Baba," Kalina alisema, "umefanya nini?"

"Nimekimalizia."

Kalina hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alikaa juu ya boksi la misumari, akaweka viganja magotini, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo kama anayemsomea mtu mwingine: rangi imeingia ndani ya mti, kuitoa ni mpaka kukwangua, na ukikwangua kingo zote zinakufa. Kupinda kingine, mti lazima ukae kwenye kalibu siku nane. Lori ni kesho.

Zenon alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza alizidi kupungua ndani ya fulana yake.

"Tutakikwangua," alisema. "Naanza sasa hivi."

"Usikiguse!"

Hapo ndipo sauti ilipompanda, na Lucyna aliyekuwa jikoni akamenya mayai ya moto bila kuhisi yanamuunguza.

"Miaka mitatu, baba! Miaka mitatu nazunguka na picha za hicho kiti, naambia watu tazameni mti, tazameni unavyopindika, hakuna kilichofichwa. Na wewe umekipaka lipstiki! Uliionea aibu kazi yangu? Ungesema tu."

"Sikuionea aibu kazi yako," Zenon alisema. Alikuwa anatazama kopo la Gienek. "Niliogopa watakucheka. Yule mama alicheka. Nikasema nikipe mng'aro, wasipate pa kuchekea."

Kalina aliinuka kutoka kwenye boksi. Alikuwa na hasira bado, hasira yake yote, ila sasa haikuwa na mahali pa kukaa. Akatoka nje. Zenon alibaki amesimama. Kisha alichukua shuka iliyopigwa pasi na kukifunika kiti tena, kwa uangalifu, kwa sababu vanishi bado ilikuwa changa na vidole vingeacha alama.

*

Lucyna alimkuta binti yake kwenye ngazi za jikoni, simu mkononi, anatafuta namba ya Bi Agata.

"Unampigia kumwambia nini?"

"Achukue ile taa."

"Ngoja kwanza," Lucyna alisema. "Nitakuonyesha kitu, lakini usinikasirikie na mimi. Leo mmoja anatosha."

Akashuka stoo ya chini ya nyumba, kule wanakohifadhi viazi na mitungi ya kabichi chachu. Ikasikika ndoo inasukumwa, ikasikika Lucyna anamsema paka. Alipopanda alikuwa amekumbatia kiti.

Kalina alikijua mara moja. Kilikuwa cha kwanza kabisa, cha majira yale ya baridi aliporudi kutoka Warszawa bila kazi, na begi moja na michoro. Penye mkunjo wa mguu mmoja mti ulipasuka kidogo, na baba yake akaufunga kwa uzi wa kitani. Kalina alilia siku hiyo, akasema kichomwe kwenye jiko.

"Si nilisema kichomwe?"

"Ulisema. Baba yako akakileta kwenye jiko, mimi nikamwambia kuni hazijaisha." Lucyna alikifuta kwa aproni. "Kina urefu mzuri wa kumenyea viazi. Mgongo hauumi. Nimekikalia miaka mitatu, mwanangu, na mimi si mwepesi."

Kikalio kilikuwa na doa la bitiruti lenye ukubwa wa kiganja. Mikononi mti ulikuwa umelainika na kupata rangi ya asali, pale mama yake alipozoea kujishikiza anapoinuka. Ule uzi wa kitani ulikuwa mweusi, umekaza kama siku ya kwanza. Kalina alikikalia. Akaegemea mgongo. Akaupapasa ule uzi.

Kisha alimpigia simu Bi Agata na kumwambia ukweli wote: vanishi, mahogani, stoo, uzi.

"Na doa," alisema. "La bitiruti. Halitoki."

Bi Agata alikuwa na swali moja tu. "Kinakalika?"

"Mama yangu amekikalia miaka mitatu."

"Basi usilitoe," Bi Agata alisema. "Lete hichohicho."

Jioni ile baba na binti walikifungasha pamoja karakanani, bila mazungumzo mengi. Kalina alikipaka mafuta. Zenon aliujaribu uzi kwa ukucha, akapima miguu kama inakaa sawa. Ilikaa. Mara moja mkono wake ulitambaa na msasa kuelekea kwenye doa. Kalina akamtazama, msasa ukaingia mfukoni. Walipokipindua, Kalina aliona maandishi ya penseli chini ya kikalio, mistari minne ya mwandiko wa baba yake, ule ambao hata mfamasia angeshindwa kuusoma. Hakuhangaika nao; vipimo na hali ya hewa, kama kawaida yake.

Jumatano saa nne lori lilikuja. Dereva alikibeba kiti cha kumenyea viazi kwa glavu nyeupe. Lucyna alisimama getini na ndoo yake ya viazi, akauliza sasa yeye atakaa wapi.

"Ndani kuna kingine," Kalina alisema. "Cha elfu kumi na nne."

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu arudi. Zenon aliuchukua huo huo, akashinda nao Pasaka nzima.

*

Wiki mbili baadaye, mchana, Lucyna alikuwa anakoroga mchuzi mchachu wa unga wa shayiri wakati simu ilipolia. Zenon alikuwa mezani anakata soseji. Ilikuwa Kalina kutoka Milano, na nyuma yake watu wengi wakiongea kwa wakati mmoja.

"Mama, mmeipata picha? Fungua picha."

Lucyna aliifungua. Kiti chake kilikuwa kwenye ukuta mweupe, miguu juu kama mende, na taa kali inakipiga upande wa chini. Watu kama kumi na watano walikuwa wamesongamana mbele yake, na simu zao zote zilielekea mahali pamoja, pale kwenye penseli.

"Wanauliza kimeandikwa nini," Kalina alisema. "Tangu asubuhi. Bi Agata anataka kuwatafsiria, na mimi mwandiko wa baba siuwezi. Soma wewe."

"Zima hiyo simu," Zenon alisema. "Ni vipimo tu. Lucyna, mchuzi unafurika."

Haukuwa unafurika. Lucyna alivaa miwani. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa anasoma orodha za sokoni za mwandiko ule, na picha ilikuwa nzuri. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma kanisani:

"Februari, theluji hadi dirishani. Mti umepasuka, nimeufunga uzi. Hiki si kiti, ni ukaidi mtupu. Lakini mtoto amerudi na tunafanya kazi pamoja. Zenon Mrowiec."

Kelele za Milano zikafifia. Kalina alikuwa ameifunika simu na kiganja.

"Baba yupo?" aliuliza mwishowe.

"Yupo. Anatafuta kitu chini ya meza."

"Mwambie wanaandika kibao kipya. Mistari sita."

Lucyna alimwambia. Zenon alitoka chini ya meza, uso mwekundu, hana kitu mkononi.

"Mwambie wasiguseguse pale," alisema. "Penseli inafutika."

Akatoka, akaacha soseji kwenye ubao. Alikwenda sebuleni, akakichukua kile kiti chekundu kinachometa, akakipeleka karakanani na kukipindua juu ya benchi. Alitoa penseli sikioni. Alijaribu kuandika, penseli ikateleza. Vanishi yake mwenyewe, makoti saba, haikukubali hata nukta moja. Akasimama akiitazama. Halafu akachukua msasa, akasugua chini ya kikalio sehemu yenye ukubwa wa kiganja, mpaka vanishi ikatoka, mpaka wekundu ukatoka, mpaka mti mtupu ukaonekana na nyuzi zake. Hapo ndipo alipoandika.

Ukifika kwao watakukaribisha ukikalie, na Lucyna atakuletea keki ya jibini. Akiingia jikoni, kipindue. Kimeandikwa: *Aprili, mvua. Hiki nilikiharibu mimi. Kalina alikasirika siku moja tu.*